Kuku wageni wamepokelewa kwa damu: nianzie wapi?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina kuku sita wa mayai uani kwangu, wana karibu miaka miwili na tumezoeana nao sana. Wiki iliyopita nilinunua mitetea wanne wa miezi minne hivi, ili washike nafasi ya wale wakubwa watakapochoka kutaga. Niliambiwa niwaingize bandani usiku, kwamba wenyeji wakiamka asubuhi watadhani wamekuwa pamoja siku zote. Nikafanya hivyo. Asubuhi nilikuta mmoja anatoka damu kichwani, wawili wamejibanza ndani ya kiota, na wa nne yuko juu ya fito hataki kushuka. Nimewatoa wote wanne, nimewaweka kwenye boksi stoo, karibu na jiko. Jirani mmoja anasema nikate midomo ya wale wakubwa. Mwingine anasema niwapake wote siki ili wanuke sawa. Wa tatu anasema niwaache wamalizane wenyewe. Mume wangu anasema nimuuze kiongozi wao, ndiye mkorofi. Mayai yameshuka kutoka matano kwa siku hadi mawili. Na tangu jana mmoja wa wale wageni anapiga chafya. Sina jogoo. Je, nimenunua kuku wasiofaa?"

Dada yangu, kwanza pole. Kumkuta kuku uliyemleta mwenyewe akivuja damu asubuhi ya kwanza kunaumiza, na naona katika maneno yako kwamba unajilaumu. Hukununua kuku wasiofaa, na wale sita hawajageuka wakatili. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tumezoea kuwasemea watu methali hiyo hadi tukasahau kwamba ilianzia kwa kuku mwenyewe: mgeni alifungwa kamba, akakaa pembeni siku kadhaa akiwaona wenyeji na wenyeji wakimwona, ndipo akafunguliwa. Wageni wako hawakupata kamba. Walitoka safarini wakaangushwa gizani katikati ya ukoo wa watu.

Nitafika kwenye ugomvi, lakini niruhusu nianze na chafya, kwa sababu inanitia wasiwasi kuliko ile damu. Jeraha la kichwani unaliona na utalitibu. Ugonjwa unaoingia bandani na kuku mgeni unaweza kukaa humo miaka.

Kuku kupiga chafya moja moja baada ya safari si lazima awe mgonjwa. Vumbi la maranda, boksi lisilopitisha hewa, ukali wa amonia inayopanda kutoka kwenye kinyesi kibichi, vyote humwasha puani. Mtoe kwenye boksi, mweke mahali penye hewa na matandazo makavu, umtazame kwa siku nzima. Chafya ikikoma, vema. Isipokoma, mshike umchunguze uso. Je, pua zina ute? Kwenye kona ya jicho kuna povu? Uso umevimba chini ya jicho? Ule ute unanuka kama kitu kilichooza? Usiku, banda likiwa kimya, sogeza sikio karibu naye usikilize kama pumzi inakoroma.

Nakuuliza hayo kwa sababu magonjwa mawili ya njia ya hewa husafiri sana na kuku wa kununua. Mafua makali ya kuku, yaani koriza, hujitokeza upesi, kwa kawaida siku 1 hadi 3 tangu kuambukizwa: uso unavimba na ute unanuka. Maikoplazma huenda polepole, na wiki kadhaa zinaweza kupita kabla hujaona kitu. Kinachoyafanya yawe mabaya kwa mfugaji wa uani ni kwamba kuku aliyepona hubaki mbebaji. Anakula, ananawiri, anataga, na bado anaweza kuwaambukiza wenzake, hasa akipata msukosuko kama wa kuhamishwa. Muuzaji anaweza kukuuzia kuku wa namna hiyo kwa moyo mweupe kabisa, maana kwake haonekani kuwa na tatizo.

Usikimbilie kununua antibiotiki ya kubahatisha. Dawa hizo hutuliza dalili bila kumwondolea kuku ubebaji, kwa hiyo utamwona amepona, utamchanganya na wengine, na utakuwa umeuingiza ugonjwa bandani kwa mkono wako. Tena kila dawa ina siku za kusubiri kabla mayai hayajaliwa, na siku hizo hutofautiana dawa kwa dawa. Hilo mwachie daktari wa mifugo.

Sasa, kwa kuwa walilala pamoja usiku mmoja, wenyeji nao huenda wamekwisha kuguswa. Sitakuficha hilo. Bado kuwatenga kuna faida kubwa. Usiku mmoja si sawa na mwezi mzima wa kunywa chombo kimoja, na siku hizi za kuwatenga ndizo zitakazokuonyesha kama una tatizo au huna. Hesabu yako inaanza upya leo, na kundi la zamani nalo lichunguze kwa jicho lilelile.

Kuwatenga ninakokusema ni siku 30. Watu hushtuka wakisikia, wakaniuliza kama wiki mbili hazitoshi. Wiki mbili zitakuonyesha magonjwa ya haraka, kwa mfano kideri, ambacho kwa kawaida hujitokeza ndani ya siku 2 hadi 15. Hazitoshi kwa maikoplazma, na hazikupi muda wa kuwamaliza chawa, maana mayai ya chawa huendelea kuanguliwa baada ya dawa ya kwanza kuwaua wazazi. Ukiweza siku 30, zifikishe.

Watoe stoo. Mahali pa karibu na jiko hapafai kuku, kwa ajili yako kuliko kwa ajili yao: vumbi na kinyesi chao hubeba salmonela, vijidudu vinavyomharisha mtu. Watafutie kibanda cha muda, hata kama ni kreti kubwa lililofunikwa wavu na kuezekwa juu, angalau mita 10 kutoka kwa wenyeji, na zaidi kama uwanja unaruhusu. Yule wa chafya mtenge na wenzake watatu pia. Wawe na vyombo vyao vya maji na chakula. Hudumia wenyeji kwanza, wageni baadaye, mwenye chafya mwisho, na usirudi nyuma. Kuwa na viatu vya upande wa wageni tu, unawe kwa sabuni ukimaliza. Magonjwa mengi huvuka uwanja kwenye soli ya kiatu cha mwenye kuku, na inanisikitisha kila ninapoona mtu amejenga uzio mzuri kisha anapita pande zote mbili na ndara zilezile.

Tumia siku hizo kuwakagua. Fukua manyoya ya chini ya mkia na chini ya mabawa utafute chawa na mayai yao yaliyoshikamana kwenye mashina ya manyoya. Tazama miguu: magamba yakiwa yameinuka na kuwa na ukoko mweupe, kuna utitiri wa miguu. Utitiri mwekundu wenyewe huwezi kuuona kwa kuku mchana, kwa sababu hujificha kwenye nyufa za mbao na kutoka usiku kunyonya damu. Mulika tochi chini ya fito saa tatu usiku. Peleka sampuli ya kinyesi kwa daktari kama inawezekana, apime minyoo na vimelea vya kuhara damu. Na mwulize muuzaji wamechanjwa nini na lini. Kama hajui, hesabu kwamba hawajachanjwa, umwombe daktari akupangie. Kuku mgonjwa hachanjwi, na kinga haijengeki siku ileile ya chanjo, hivyo acha wiki mbili zipite kabla ya kuwakutanisha na wengine.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe.

Kuku hukaa kwa daraja. Kila mmoja anajua ni nani anayempisha na ni nani anayempisha yeye, kwenye chakula, kwenye maji, kwenye fito ya juu. Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyekuwa akiwatazama kuku tangu utotoni, ndiye aliyeliandika jambo hili kisayansi mwanzoni mwa miaka ya 1920, naye aliliita kwa jina la kudonoana kwa sababu ndivyo linavyoonekana kwa macho. Ila ukikaa na kundi lililotulia utaona kudonoana ni kidogo sana. Mkubwa anainua kichwa, mdogo anasogea, yamekwisha. Daraja lipo ili wasipigane kila siku.

Mgeni anapoingia, hana nafasi kwenye daraja hilo, na hakuna njia ya kumpa bila yeye kupimana na kila mmoja. Piga hesabu: wenyeji wako 6, wageni 4. Wenyeji wanajuana, wageni wanajuana, lakini baina ya pande mbili kuna jozi 24 ambazo hazijawahi kukutana. Ile alfajiri ulidai jozi zote 24 ziamue nani mkubwa kwa wakati mmoja, ndani ya chumba, mlango umefungwa, na anayeshindwa hana pa kukimbilia. Kushindwa kwa kuku huoneshwa kwa kukimbia. Asipopata mahali pa kukimbilia, mshindi haoni kwamba ameshinda, anaendelea kudonoa. Hapo ndipo damu ilipotoka.

Na damu ina hatari yake. Wekundu unamvuta kuku adonoe. Jeraha dogo likibaki wazi, hata wale wasiokuwa na ugomvi watakuja kuonja, na wakishaonja hawaachi kirahisi. Kwa hiyo shauri la kuwaacha wamalizane ni shauri la kumpoteza kuku. Umefanya vyema sana kuwatoa.

Ule ushauri wa usiku una ukweli nusu. Kuku haoni vizuri gizani na hutulia, kwa hiyo kumpandisha kwenye fito usiku kunampunguzia kupigwa wakati wa kugombania mahali pa kulala. Tutautumia mwishoni kabisa. Lakini asubuhi wenyeji hawadanganyiki. Kuku humtambua mwenzake kwa macho, zaidi kwa sura ya kichwa: kilemba, uso, ndevu. Kilemba kikibadilika sana, hata rafiki wa zamani anaweza kupokelewa kama mgeni. Ndiyo maana siki haitakusaidia. Harufu itakuwa moja, nyuso zitabaki ngeni, na siki ikiingia kwenye jeraha au jichoni utakuwa umewatesa bure.

Kuhusu kukata midomo, nakuomba usifanye. Mdomo wa kuku si kama kucha. Ndani yake mna mishipa ya fahamu na damu, na ndio mkono wake: anaokotea, anajisafishia manyoya, anapimia chakula. Kuukata kwa kuku mtu mzima kunaweza kuacha maumivu ya kudumu, na hakuondoi haja ya kujua nani mkubwa. Watapigana kwa midomo inayouma.

Na kiongozi? Kabla ya kumuuza, kaa kwenye kigoda nusu saa siku ya kuwakutanisha, uangalie nani hasa anafanya nini. Mara nyingi nilizofanya hivyo nimekuta kuku wa juu akimdonoa mgeni mara mbili tatu, mgeni akipisha, naye akarudi kula. Anayemwandama mgeni kona kwa kona huwa wa katikati au wa mwisho, yule ambaye hana wa kumwonea na sasa amempata. Ukimuuza kiongozi utakuwa umefungua upya ugombeaji wa cheo kwa wenyeji watano waliobaki, na mkorofi halisi bado yuko bandani. Vilevile usinunue jogoo sasa hivi kwa matumaini kwamba ataamua ugomvi. Majogoo wengine huwatuliza mitetea, ni kweli, lakini leo angekuwa mgeni wa tano, mwenye karantini yake.

Siku 30 zikipita na wageni wote wakiwa wazima, ndipo kazi ya kuwajuanisha inaanza, na hapa wavu ndio kamba yetu. Gawa uwanja au banda kwa wavu ili waonane, wasikilizane, wapate kula wakiwa wamekaribiana, bila kugusana. Weka vyombo vya chakula karibu na wavu kila upande. Siku za mwanzo utaona wenyeji wanatunisha manyoya ya shingo, wanatembea kandokando ya wavu, wanadonoa nyaya. Waache. Matundu yawe madogo kiasi kwamba kichwa hakipiti. Baada ya siku 7 hadi 14 utaona wanakula bega kwa bega na wavu katikati, au wanaoga vumbi mkabala bila kuangaliana. Hiyo ndiyo dalili unayoisubiri. Siyo tarehe. Nimeona makundi yaliyotulia kwa siku 5, na moja lililotaka wiki tatu.

Kama unaogopa ubebaji wa ugonjwa, kuna njia ya kale ya wafugaji: chukua mwenyeji mmoja, mweke na wageni kwa wiki mbili kabla ya kukutanisha makundi. Akibaki mzima, una uhakika zaidi. Ni uamuzi mgumu kwa sababu unamweka mmoja hatarini kwa ajili ya watano, na sikulazimishi. Kwa hali yako, ya kuku mwenye chafya, mimi ningefanya.

Wakati wageni wako karantini, pima banda lako. Hili ndilo jambo ambalo wafugaji wengi hulikwepa kwa sababu linahusu mbao na misumari, na ndilo linaloamua mengi. Kila kuku anataka sentimita 20 hadi 25 za fito, kwa hiyo kuku 10 wanahitaji mita 2 hadi 2.5. Ndani ya banda, tengeneza karibu mita 0.4 za mraba kwa kila kuku, na nje mita 1 ya mraba au zaidi. Kiota kimoja kinatosha kuku 4 au 5. Kama banda lilijengwa kwa ajili ya sita, haliwezi kuwa la kumi kwa sababu tu kuku wanaenea wakibanana, na hakuna ujanja wa kuwazoesha utakaoshinda msongamano. Ikiwa huwezi kuliongeza, fikiria kubaki na makundi mawili yaliyotenganishwa kwa wavu moja kwa moja, au kuwapunguza wakubwa wakati ukifika. Hakuna aibu katika hilo. Kuku hawadai kuishi ukoo mmoja.

Ongeza vyombo pia. Vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, vilivyowekwa mahali ambapo aliyesimama kwenye kimoja haoni kingine. Kuku mmoja mkorofi anaweza kulinda sahani moja kutwa nzima, hawezi kulinda mbili. Uwanjani weka vizuizi vya kukatisha macho: ubao ulioegemezwa ukutani, kreti lenye milango miwili, tawi lenye majani, pipa lililolazwa na kutobolewa pande zote. Usiweke maficho yenye mlango mmoja, kwa sababu huo ni mtego. Wale wawili uliowakuta kiotani walidhani wamepata hifadhi, kumbe walijifungia.

Siku ya kuwakutanisha, chagua alasiri, saa moja au mbili kabla ya giza, na uwakutanishe uwanjani, mahali wenyeji wasipohesabu kuwa pao sana. Badilisha mpangilio: hamisha vyombo, sogeza fito, ili hata wenyeji waingie kama watu waliohamia. Tundika mboga za majani juu kidogo ya vichwa vyao wapate shughuli. Waingize wageni wote kwa pamoja, kamwe usiingize mmoja peke yake, kwa sababu ghadhabu ya sita ikigawanywa kwa wanne inavumilika, ikimwangukia mmoja inaua. Kisha kaa hapo. Siku ya kwanza wakae pamoja kwa muda wa saa moja tu, kisha kila kundi lirudi upande wake. Siku inayofuata muda mrefu zaidi. Ukishaona siku mbili tatu nzima zimepita bila mgeni kukimbizwa mfululizo, walaze pamoja: sasa wapandishe kwenye fito usiku, na uwepo alfajiri kuwafungulia mlango mapema. Mlango wazi asubuhi ndio uliokosekana mara ya kwanza.

Ugomvi kiasi utakuwepo na usiuingilie. Donoo moja ya kichwani, kukimbizana hatua chache, wawili kusimama kifua kwa kifua na kurukiana, hayo ndiyo mazungumzo yao. Ukimwokoa mgeni kila anapodonolewa, jozi ile haitaamua na kesho wataanza tena. Ingilia mara moja ukiona damu, ukiona mmoja amelaliwa chini huku akidonolewa bila kuachiwa, au wawili watatu wamemshirikia mmoja. Na jioni, papasa kile kifuko cha chakula chini ya shingo ya kila mgeni. Kikiwa kimejaa, ameonewa lakini amekula, tunaendelea. Kikiwa bapa jioni mbili mfululizo, anashinda njaa hata kama huoni jeraha lolote.

Akijitokeza mkorofi asiyekoma, mtenge yeye, usimtenge anayeonewa. Mweke mahali asipowaona wenzake, kwa siku 3 hadi 5, na chakula na maji ya kutosha. Akirudi anakuta mambo yamepangwa bila yeye, naye ndiye anayejitafutia nafasi. Kuwa mwangalifu kama unayemdhania mkorofi anaatamia; anayeatamia humfokea kila mtu, na hasira yake hupita na uatamiaji wake. Kwa jumla, kundi la ukubwa wa lako hutulia ndani ya wiki mbili hadi tatu tangu kuwachanganya, na wengine huchukua zaidi.

Jiandae kwa wimbi la pili. Mitetea wako wana miezi minne, vilemba vyao bado vidogo na vimepauka, na wakubwa wanawaona kama watoto. Wakikaribia kutaga, vilemba vitakuwa vikubwa na vyekundu, na baadhi yao wataanza kudai vyeo. Kutakuwa na vurugu za siku chache tena. Usidhani umeharibu kitu.

Umri wao unaleta jambo jingine ambalo hukuuliza: chakula. Chakula cha kuku wa kutaga kina kalsiamu ya takriban asilimia 3.5 hadi 4, na cha kuku wanaokua kina kama asilimia 1. Mtetea ambaye hajaanza kutaga akila cha watagaji kwa muda mrefu, kalsiamu ile ya ziada hulemea figo zake. Huwezi kuwazuia kuibiana wakishakuwa pamoja, kwa hiyo wape wote chakula cha wanaokua, kisha weka maganda ya konokono wa baharini au chokaa ya mifugo kwenye chombo cha pembeni. Anayetaga atajichukulia kadiri mwili wake unavyotaka, asiyetaga ataonja na kuacha. Yai la kwanza la mtetea wa mwisho likitoka, warudishe wote kwenye chakula cha kutagia.

Mayai kushuka kutoka matano hadi mawili baada ya asubuhi kama ile hakunishangazi. Yai huchukua zaidi ya siku nzima kutengenezwa, na kuku aliyeshtuka husimamisha kazi hiyo siku kadhaa, pengine wiki moja au mbili. Waache wenyeji watulie, mwanga na chakula visibadilike. Nitakachokuomba ukitazame ni mayai yenyewe. Yakipungua lakini ni mazuri, ni mshtuko. Yakianza kutoka na ganda laini, yamekunjamana, au ute mweupe umekuwa majimaji, hapo nafikiria ugonjwa, na unganisha na ile chafya.

Jeraha la yule mtetea lioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, likaushe, na umlinde na nzi, kwa maana nzi wakitaga kwenye kidonda kuna funza kesho yake. Abaki na wageni wenzake wasipomdonoa. Wakianza, mweke upande wa pili wa wavu ndani ya kibanda hichohicho, awaone, asije akawa mgeni kwa wageni. Asirudi kwa wenyeji mpaka ukoko umedondoka na wekundu umeisha.

Mwite daktari wa mifugo bila kusubiri kama uso wa kuku yeyote umevimba au ute unanuka; kama anahema kwa mdomo wazi; kama mwingine, hasa wa upande wa wenyeji, ameanza chafya; kama kuna kinyesi chenye damu au cha kijani pamoja na kuzubaa; kama shingo inapinda au mguu na bawa vimelegea; au kama jeraha limefika kwenye mfupa. Na kuku wawili au zaidi wakifa ghafla, usichinje waliobaki, usiwauze, usimpe jirani. Funga banda, vaa kitu mikononi na puani unapowashika, toa taarifa kwa mamlaka ya mifugo. Kuna magonjwa ya ndege yanayompata binadamu, na haitoshi kuyapima kwa macho.

Daktari akithibitisha kwamba yule mmoja ana maikoplazma au koriza, utakuwa na uamuzi mchungu. Unaweza kuwatunza wageni kama kundi la pembeni maisha yao yote, ukila mayai yao na kubadilisha viatu kila siku. Unaweza kuwaondoa wote wanne, kwa maana watatu waliolala naye boksi moja siwezi kuwaita wazima. Au, kama wenyeji nao wamekwisha kuambukizwa, unaweza kukubali kuwa na kundi moja lenye ugonjwa, usiuze wala kugawa kuku hai kutoka uani kwako, na usiingize wapya hadi kundi hilo limalizike lenyewe. Mimi ningechagua la pili kama wenyeji bado ni wazima. Najua ni gumu kwa mtu aliyewalea, nawe ndiye unayewajua kuku wako.

Kwa leo kazi ni chache. Watoe stoo. Andika tarehe ukutani, uhesabu siku 30. Osha lile jeraha. Na yule anayepiga chafya, mtafutie mahali pake peke yake kabla giza halijaingia.